Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bei ya kitita imebadilika, namna ya kulipa bado

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ninayekatwa asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akiongeza 3 nyingine, na ambaye mama yangu mzazi hutibiwa presha kupitia uanachama huo.

Mwanzoni mwa 2024 nilimsindikiza katika hospitali moja ya binafsi jijini Dar es Salaam. Dirishani alipewa fomu ya madai aitie sahihi kabla hajamwona daktari. Ilipokwisha kujazwa nilihesabu vipimo vitano, kikiwamo cha figo alichofanyiwa siku 9 kabla, hapo hapo. Sidhani kama daktari yule ni mwizi. Kwa miaka mingi Mfuko umelipa kwa huduma moja moja, na anayelipwa kwa kila kipimo hakosi sababu ya kupima.

Kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko huvilipa vituo, kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama zikidai bei mpya hazikidhi gharama. Hospitali yetu iliendelea, ila mama alionwa kwa dakika zisizozidi tano, kisha akaambiwa dawa mojawapo akanunue nje kwa fedha taslimu. Gharama haikupungua; ilihamia kwenye mkoba wake, na mwenye mkoba mtupu angerudi nyumbani bila dawa.

Ndiyo maana naomba mjadala utoke kwenye bei uende kwenye namna ya kulipa. Thailand, tangu 2002, hulipa matibabu ya nje kwa idadi ya watu waliosajiliwa kituoni, na wagonjwa wa kulazwa kwa kiwango cha kundi la ugonjwa wao, ndani ya ukomo wa bajeti. Ghana nayo ilijaribu malipo kwa kichwa katika mkoa wa Ashanti mwaka 2012, ikayasitisha 2017, baada ya manung'uniko ya watoa huduma na ya wananchi waliohoji kwa nini mkoa wao peke yake.

Njia hiyo ina hatari yake, nami sitaificha: kituo kinacholipwa kiasi kilekile kwa kila kichwa kitamwona mgonjwa wa kudumu kama mama yangu kuwa mzigo. Kiwango hakina budi kuzingatia umri, maradhi na umbali, kwa kuwa zahanati ya Mafia inayosubiri dawa zivuke bahari haiwezi kulinganishwa na ya Kinondoni.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawaleta mama lishe na dereva wa bodaboda katika mfumo huu. Kabla hawajaanza kuchangia, naomba Wizara itangaze vituo vitalipwaje na viwango vimekokotolewaje, na kila mwanachama atumiwe kwa simu orodha ya huduma zilizodaiwa kwa jina lake, siku hiyo hiyo ya matibabu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwanachama, Dar es Salaam