Kwa wazazi wa Newala na Tandahimba mnaolipa ada kwa rehani ya mikorosho

Wanangu, wadogo zangu, na nyie mliokuwa wanafunzi wangu ambao leo mnaitwa baba fulani na mama fulani,

Asalaam aleikum kwa wa msikitini, na Bwana asifiwe kwa wa kanisani. Nimefundisha shule za msingi huku miaka 34, na wengi wenu nimewashika mkono kuandika irabu. Kwa haki hiyo niliyonayo kwenu, naomba mnisikilize juu ya jambo linalojulikana kila nyumba na halizungumzwi kwenye baraza lolote. Mashamba yanatutoka, na safari hii hayatoki kwa kesi wala kwa pombe. Yanatoka kwa ada.

Ndani ya mwezi mmoja nimeitwa mara tatu kuwa shahidi wa karatasi. Mara zote tatu kulikuwa na mtoto katika shule ya kulipia, muhula wa pili unafunguliwa, na mzazi ameketi mbele ya mkopeshaji ameshika kofia mkononi. Karatasi ya kwanza niliitia sahihi. Ya pili niliisoma mara mbili ndipo nikaona haikuandikwa "mkopo" mahali popote: iliandikwa kwamba fulani amemuuzia fulani mikorosho 45 na fedha amepokea. Fedha aliyopokea ilikuwa ada ya muhula mmoja. Ya tatu nilirudisha kalamu mezani nikaondoka, na ndugu yule hadi leo hanisalimii vizuri.

Kwanza niseme nisichokisema. Sisemi shule hizo ni mbaya. Najua mlichokifuata. Mmeona darasa ambalo watoto wamebanana hadi sakafuni, mmemsikia mtoto wa jirani akisoma Kiingereza bila kutetemeka, mkasema wangu asipitie niliyopitia mimi. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Ila kuna jambo moja watu wa mshahara hawalioni na sisi wa korosho tunalijua mwilini: kalenda ya shule na kalenda ya mkorosho hazikutani.

Shule inataka fedha Januari na Julai. Mnada wa korosho unaanza Oktoba. Januari wengi bado mna chochote cha msimu. Lakini ifikapo Mei na Juni mfukoni hakuna kitu, na huo ndio wakati shamba lenyewe linadai: kupalilia, kupulizia, mafuta ya mashine, vibarua, hata pale salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inapokuja kwa ruzuku. Hapo barua ya muhula wa pili inaingia. Mzazi anachagua ada, kupulizia kunaruka, ugonjwa wa ubwiri unga unakaa kwenye maua, na Novemba anapeleka ghalani magunia manne pale alipozoea kupeleka tisa. Ndiyo maana nasema ada ya Julai huliwa mara mbili: unailipa Julai, halafu unailipa tena kwa korosho ambazo hazikuzaa.

Na asiyechagua hivyo anakwenda kwa mtu wa kangomba, anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya mwenye njaa, biashara ambayo hata serikali imeipiga marufuku. Au anakwenda kwa wa riba. Hebu tupige hesabu kama tulivyokuwa tukipiga ubaoni. Umekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 100,000. Toka Julai hadi Desemba ni miezi mitano. Riba peke yake imefika 500,000, na ile uliyokopa ipo palepale, haijaguswa. Umelipia muhula mmoja kwa bei ya mihula miwili, na Januari inabisha hodi.

Mimi siwasimulii ya kusikia. Nilistaafu 2016. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba na kulipa ada ya binti yangu wa mwisho, aliyekuwa bweni mbali na hapa. Julai 2018 kilikuwa kimekwisha. Nikaweka rehani mikorosho 60 aliyoipanda marehemu baba yangu, nikaahidi kulipa Desemba, kwa sababu korosho ni zangu na Desemba ni yangu. Mnaukumbuka msimu ule. Wakulima tulikataa bei za mnada, utaratibu wa ununuzi ukabadilishwa katikati ya msimu, bei ikapangwa 3,300 kwa kilo, kukawa na uhakiki wa mashamba. Fedha yangu niliipata 2019, mvua zimekwisha. Mkopeshaji hakusubiri. Machi alikuwa ameshaanza kupalilia shamba la baba yangu.

Mwezi huohuo binti yangu alirudishwa nyumbani. Nilimpokea stendi ya Masasi, ameketi juu ya sanduku la bati, godoro limefungwa kwa kamba ya katani. Hakulia. Nyumbani mama yake alipokuwa anatoa vitu vyake, kitabu cha Hisabati kilidondoka, na ndani yake kulikuwa na barua tatu za kudaiwa, zimekunjwa ndogo kama hirizi. Ya kwanza ilikuwa ya Oktoba. Nilipomuuliza kwa nini hakutuletea barua hizi, akasema, "Baba, ulikuwa unasema Desemba."

Mtoto wa miaka 15 alibeba deni langu miezi mitano ili mimi nisione aibu. Mikorosho 60 sijaacha kuikumbuka, lakini barua zile ndizo zinazoniamsha usiku.

Basi ninachowaomba ni hiki. Kama hesabu haikai, mtoeni mtoto wenyewe, mapema, kwa heshima, kabla hajatolewa getini. Anayehamishwa na mzazi wake anakwenda na uhamisho, na maelezo, na uso wake mzima. Anayefukuzwa anakwenda na godoro.

Na muda una maana. Msihamishe mtoto aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, kama kuna njia yoyote ya kumfikisha. Mimi nilihamisha wangu mwaka wa kidato cha pili, na kumpatia namba ya mtihani nilitembea kama mwenye kesi. Hamisheni mwisho wa mwaka, katika darasa la katikati. Na kabla ya hapo nendeni shuleni kabla tarehe ya ada haijafika, si baada. Waambieni waziwazi: sisi fedha yetu ni ya Novemba na Desemba, je, naweza kulipa mwaka mzima wakati huo? Zipo zinazokubali. Wakikubali, ombeni kwa maandishi. Wakikataa, mmejua Mei, na shamba bado lenu.

Shule za serikali hazina ada toka Januari 2016, msingi hadi kidato cha nne, na toka 2022 hata cha tano na cha sita. Sare, madaftari na chakula bado ni juu yenu, nalijua. Mtoto anayetoka shule ya Kiingereza ataingia darasa la Kiswahili akiwa hajui "kigawe" ni nini wala "usanisinuru", na miezi michache atalia. Kaeni naye. Kiingereza chake hakipotei. Atakapofika kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, wenzake ndio watakaokuwa wanamuuliza yeye.

Kwa wale ambao karatasi imeshaandikwa: isomeni na mtu. Kama imeandikwa "nimeuza" na wewe umekopa, usitie sahihi hata kwa siku moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, mwombeni awaonyeshe. Na nyumba mnayoishi mume na mke haiwekwi rehani na mmoja kwa siri, Sheria ya Ndoa ya 1971 imelizuia hilo. Akina mama, msikubali kuambiwa mkopo ulikuwa wa mwanaume peke yake.

Habari ya fedha inayoishia kwenye ngoma za Desemba, za jando na unyago, sitaki ugomvi nayo leo, mila ni mila. Nasema tu kwamba mwenye ada ya Julai ndani ya akaunti toka Desemba hajawahi kuniita kuwa shahidi.

Nipo nyumbani. Kila Jumamosi baada ya alasiri nitaketi chini ya mwembe, na meza, na kalamu mbili. Njooni na barua zenu za ada, hata zile ambazo hamjazifungua. Tutazifungua pamoja, tutapiga hesabu, na anayetaka kuiandikia shule nitamsaidia kuandika. Na ukifika nyumbani leo, kabla ya kuja kwangu, mwombe mtoto wako akuletee vitabu vyake vya shule, uvifungue mwenyewe, kimoja kimoja.

Mwalimu wenu mstaafu,
Newala