Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti, Tukuyu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya mvua na utelezi wa barabara zetu. Karibu sana Rungwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shughuli za klabu yetu zinahusu zaidi msitu wa Mlima Rungwe huu ulio mbele yako. Mwaka 2003 watafiti walimwona huku kima ambaye sayansi ilikuwa haimtambui, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walishamjua kwa jina la kipunji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kipunji takriban 1,100 tu, wa huku Rungwe na Kitulo pamoja na wachache wa msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Hesabu za karibuni zimeonyesha wameongezeka. Kwetu hiyo ni habari kubwa, kwa sababu inathibitisha kuwa ulinzi unazaa matunda.

Kipunji huishi juu mitini na hapendi kushuka. Akila matunda, mbegu huanguka mbali na mti mama. Mti mkubwa ukikatwa kwa ajili ya mbao, jua huingia, magugu hufunga pengo, na njia ya juu ya kipunji hukatika. Ndiyo maana tunaumia kuona ukanda wa Bujingijila, unaounganisha Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone, ulivyomegwa.

Na si kipunji peke yake. Ingiza mkono chini ya majani yaliyooza msituni, hata kiangazi, utautoa umelowa. Maji hayo hujichuja taratibu hadi kwenye vijito vyetu, mengine yakaingia Mto Kiwira na kuishia Ziwa Nyasa. Pale palipochomwa mkaa udongo ni mkavu, na mvua ya kwanza huuzoa wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuwalaumu wazazi wetu. Anayekwenda msituni kuchanja kuni ana watoto wa kulisha, na sisi wenyewe makande yetu ya mchana yanapikwa kwa kuni. Kwa hiyo tumeotesha miche ya mikuyu na miringaringa ya kurudisha kwenye vyanzo vya maji, na ya miti ya kuni ya kupanda mipakani mwa mashamba ili msitu upumue. Changamoto yetu ni uhaba wa viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, na ng'ombe wanaoingia kitaluni kwa kukosa uzio.

Tunaomba utusaidie kupata viriba, waya wa uzio na jiko banifu la shule. Tunaomba pia maofisa misitu wafike vijijini kuzungumza na wazee kuhusu mikaratusi iliyopandwa kandokando ya chemchemi, maana sisi watoto tukisema peke yetu hatusikilizwi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.