Barua kwa mdogo wangu: mpe mtoto unga akande, penseli itakuja

Mdogo wangu,

Ile voisi noti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Nimemsikia mtoto analia kwa nyuma na wewe unamwambia "maliza huu mstari tu ukalale", saa nne usiku hiyo, na mtoto mwenyewe ana miaka mitatu na miezi miwili. Nilitaka kukupigia nikaona nitaongea kwa hasira, kwahiyo naandika, na naandika hapa kwa wazi kwasababu najua kuna mama wengine usiku huu huu wamekaa na mtoto wa bebi klasi mezani wananakili a mpaka z.

Kwanza mshike mkono uutazame. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, wa mtoto wa umri wake sehemu kubwa bado ni gegedu, haijawa mfupa, na misuli ya vidole ndio kwanza inajijenga. Ndio maana anaikamata penseli kwa ngumi kama ameshika mwiko, alafu dakika tano tu anakwambia mkono unauma. Unauma kweli, hadeki. Mtoto wa miaka mitatu ukimwonyesha duara akalijaribu, basi yupo vizuri kabisa. Wa minne anachora mtu ana kichwa na miguu na labda mikono inatokea masikioni, wa mitano ndio anaanza kuandika baadhi ya herufi za jina lake.

Mimi mwanangu wa kwanza nilimfanyia hivi hivi, unakumbuka. Hajafika hata minne anaandika jina lake lote na mimi natamba kwa majirani, alivyoingia darasa la kwanza ukimtolea daftari tu anaomba kwenda chooni. Ilinichukua miaka miwili kumrudisha akapenda kitabu. Nikikumbuka mpaka leo naumia, na sitaki na wewe upite huko.

Alafu unaniambia "dada huyu hajui kitu". Hajui kitu? Msikilize anavyoongea. Anasema kikombe changu, vikombe vyangu, mti umeanguka, gari limeharibika. Nani alimkalisha akamfundisha ngeli? Ameokota mwenyewe, kwako, kwa bibi, kwa dada wa kazi, kwa kusikia watu wakiongea naye. Hiyo ndio kazi ya kichwa chake kwa sasa na anaifanya vizuri kuliko wewe na mimi tukijifunza lugha ngeni ukubwani. Kwahiyo mwongeleshe kwa Kiswahili chako kilichoshiba, usimkatie katie Kingereza cha maneno matatu ukidhani unamsaidia shule. Mtegee vitendawili, msimulie hadithi, mpigie makofi kwenye silabi, nya-nya, ta-ti-zo, jina lake, jina la baba yake. Akishazoea kusikia neno linavyokatika, siku akikutana na ma me mi mo mu ubaoni hatozishangaa.

Na mikono yake ipe kazi ya kweli. Akande unga, abane nguo kambani kwa vibanio, achambue maharage na wewe (ukae hapo hapo, na yasimfikie mdogo wake, maharage puani tumeshayaona). Akishakanda chapati mwezi mzima utaona penseli anavyoishika.

Huyo mdogo wake wa miezi minne naye anajifunza tayari, usisubiri akue. Akisema "aguu" mjibu, alafu nyamaza umpe zamu yake, utaona anarudisha, hayo ndio mazungumzo yenyewe. Mlaze kifudifudi kwenye mkeka akiwa macho, kidogo kidogo mpaka jumla ifike nusu saa kwa siku, shingo na mgongo vinakazika hapo. Na simu toa mbele yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndio vizuri zaidi.

Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 mpaka 13 kwa siku, na usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu mdogo wangu. Homuweki inaisha saa nne usiku, basi la shule linapiga honi saa kumi na moja alfajiri. Saa saba. Hapo hata umpe mwalimu bora nchi nzima, huyo mtoto atasinzia kwenye kiti, na wataandika kwenye ripoti kwamba hayuko makini.

Mimi nafundisha awali, nakwambia ninachotamani mtoto aje nacho siku ya kwanza. Aweze kusema "mwalimu nataka kojo". Afungue hotipoti yake. Asubiri zamu kwenye bembea bila kung'ata mwenzake, ingawa atasahau siku mbili tatu. Ukimwambia lete kiatu alafu ukae chini, afanye yote mawili. Ahesabu vizibo kumi akivigusa kimoja kimoja, huko kuimba moja mpaka mia wakati hajui tano ni vingapi kunaweza kusubiri. Herufi tutampa sisi, ndio kazi yetu, mwaka wa awali upo kwa ajili hiyo.

Kitu kimoja tu usipuuze. Mtoto akifika miaka miwili haungi maneno mawili, kama "mama maji", au ukimwita kwa nyuma hageuki, mpeleke kliniki wampime masikio, usisikilize anayekwambia "wa kiume huchelewa". Wako yuko sawa, huyu anaongea mpaka usingizini.

Jumamosi nakuja. Weka unga wa ngano kilo moja na ndoo ya maji uani, nguo za kuchafua umvalishe. Jumatatu tunaenda wote shuleni kwake na hilo daftari, tukae na mwalimu wake kwa upole tumwombe homuweki iachwe mpaka afike pri-yuniti, ule mwaka wa mwisho kabla ya darasa la kwanza, wakikataa tutatafuta pengine, nauli ya basi hilo yenyewe inatosha ada ya sehemu ya karibu ambayo mtoto atatembea kwa miguu.

Usiku huu usimwamshe amalizie. Mwache alale.

Dada yako.