Mkataba wa msimu mmoja unachosha mashamba yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye mashamba na wanaokodi mkoani Morogoro, kwa kuwa mavuno yakishaisha ndipo bei za kukodi kwa msimu ujao zinaanza kutajwa.

Kukodishana ardhi ni jambo jema. Kuna mashamba ya wazee waliochoka na ya watu walioko mjini, na kuna vijana wenye nguvu wasio na hata nusu ekari. Kinachotuumiza ni muda. Mapatano ya kawaida ni ya msimu mmoja: unalipa Oktoba au Novemba, unaberega (unafyeka majani na kusafisha shamba), unalima, unapanda masika, na mahindi yakishatoka Julai huna chako pale. Mwakani mwenye shamba anaweza kumpa mwingine aliyeongeza kidogo.

Tazama kiduha. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi au mtama chini kwa chini na kuinyonya kwa wiki kadhaa kabla halijachomoza. Ukiona vile vishina vyembamba na maua yake mekundu au ya zambarau, mahindi ya msimu huo yameshadumaa, na kung'oa hakutayarudisha. Unang'oa kwa ajili ya mwakani, kwa sababu mmea mmoja ukiachwa ukomae hudondosha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zikiwa hai zaidi ya miaka 10. Sasa nani atainama siku nzima kung'oa kiduha kwa faida ya mpangaji ajaye? Palizi ya pili inarukwa, na shamba linarudi kwa mwenyewe likiwa na mbegu ambazo hata wajukuu wake watazikuta.

Samadi nayo ni hivyo hivyo. Ekari moja inataka tani 3 hadi 4, yaani toroli 60 hadi 80 zilizojaa, na usafiri wake si mchezo. Naitrojeni inayotoka mwaka wa kwanza huwa chini ya nusu; inayobaki hutoka msimu wa pili na wa tatu. Mbolea ya Minjingu ya unga huyeyuka polepole pia. Urea unaila msimu huo huo, ndiyo maana mpangaji hununua urea peke yake. Hana kosa, amepiga hesabu sawasawa. Lakini udongo unaopewa urea kila mwaka bila samadi wala mabua huongezeka uchachu na kupoteza mboji, mpaka ufike mahali mfuko wa kilo 50 kwa ekari hauonyeshi tofauti.

Mbaazi ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ukiipanda pamoja na mahindi mwezi Machi, aina za muda mrefu huvunwa Septemba au Oktoba. Majani yanayodondoka yanarutubisha ardhi, na mbaazi yenyewe ni fedha. Lakini mkataba umeisha Julai, ng'ombe wameingizwa kula mabua, na mbaazi imeliwa ikiwa na maua. Mpangaji aliyeumwa hivyo mara moja hapandi tena.

Ninachoomba ni mkataba wa misimu mitatu, wa maandishi, unaoisha mwishoni mwa Oktoba. Wenye mashamba wanaogopa kwamba mtu akikaa muda mrefu atadai ardhi ni yake. Hofu hiyo naielewa, kwani dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12 kisheria. Lakini karatasi inayoonyesha kwamba huyu ni mpangaji na analipa kodi ndiyo inayomlinda mwenye shamba: aliyeingia kwa ruhusa hawezi kugeuka mmiliki. Anayejiweka hatarini ni yule anayekodisha kwa mdomo mwaka hadi mwaka.

Karatasi hiyo itaje ukubwa kwa mita. "Hatua 70 kwa 70" si ekari ya uhakika. Ikipimwa na mtu wa hatua ya sentimita 75, unapata takriban mita za mraba 2,756, na ekari ni 4,047. Umelipia ekari, umepata theluthi mbili, na mbegu na mbolea ulizonunua zimezidi. Kateni kamba ya mita 63 na sentimita 60. Mraba wa kamba hiyo kila upande ndio ekari. Andikeni majirani wa pande nne, mabua ni ya nani, na nani anaruhusu mifugo na lini. Mwenza wa mwenye shamba na watoto wakubwa watie saini, maana kesi nyingi huanzia kwa ndugu aliyesema hakuambiwa.

Kuhusu malipo, kutoa kodi yote Oktoba kunamaliza fedha ya mbegu bora na ya mbolea ya kupandia. Nusu kabla ya kulima na nusu baada ya kuvuna ni haki kwa wote. Kama ni kwa magunia, iandikwe kilo 100 kwa mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, isiingie hapo. Na kuwe na kipengele cha samadi: mwenye shamba akilitaka shamba lake baada ya mavuno ya kwanza, arudishe theluthi mbili ya gharama ya samadi na usafiri, baada ya mavuno ya pili, theluthi moja. Risiti zihifadhiwe tangu siku ya kwanza.

Halmashauri za vijiji, ambazo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezipa usimamizi wa ardhi ya kijiji na ndizo zinazotoa hatimiliki za kimila, zifungue daftari la mashamba yaliyokodishwa: jina, eneo, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Lifunguliwe kabla ya Oktoba, kwa sababu huo ndio mwezi ambao shamba moja hupokelewa kodi ya watu wawili, na wa pili hugundua siku anayofika na jembe.

Msomaji wako,
Morogoro