Kabla hujasema Bangor hakuna kitu

Mwanangu,

Juzi kwenye simu umelalamika kwamba hapo Bangor, Wales, ni mvua na mawe tu. Kwa mvua sina la kukutetea. Ila kwa hayo mawe, shangazi yako ana neno.

Chuo unachosomea kilifunguliwa mwaka 1884, na waliokichangia ni pamoja na wachimba mawe waliotoa sehemu ya ujira wao. Wengi walitoka Bethesda, kama kilomita 8 kutoka hapo ulipo. Panda basi uende. Utaona baa za barabara kuu zote ziko upande mmoja: upande wa pili ulikuwa ardhi ya Lord Penrhyn, bwana mwenye machimbo ya mawe, na pombe hakuiruhusu kwake.

Ukoo huo ulitajirika kwa mashamba ya miwa Jamaika. Richard Pennant wa ukoo huo, aliyeyapanua machimbo hayo ya Penrhyn, Bethesda, miaka ya 1780, aliutetea utumwa bungeni. Utumwa ulipofutwa, mrithi wake alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 14,000 kwa watumwa 764. Fidia alipewa yeye, watumwa hawakuambulia kitu. Hilo hunichoma kila nikilikumbuka.

Machimboni kazi ilikwenda kwa mapatano. Kikundi kidogo kilipewa kipande cha mwamba, yadi 6 hivi kwa upana, kikapatana bei na msimamizi kila mwezi. Wawili waning'inie kwa kamba au mnyororo kwenye jabali wakilipua, wengine chini wakipasua jiwe kwa patasi mpaka liwe jembamba la kuezekea paa. Walijiona mafundi wenye kujiamulia mambo yao, si vibarua. Lord Penrhyn wa zama zile alipoleta makandarasi na kukataza michango ya chama cha wafanyakazi isikusanywe machimboni, kama watu 2,800 waligoma wakatoka. Ilikuwa Novemba 22, 1900.

Wakakaa nje miaka mitatu! Kwaya zao zilizunguka Uingereza zikiimba ili kuchangisha chakula. Wanaume wengi walikwenda kusini mwa Wales kuchimba makaa ya mawe, na wapo ambao hawakurudi tena.

Juni 1901 watu mia nne na ushee walirejea kazini, kila mmoja akapewa sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Ndipo karatasi zikaanza kubandikwa madirishani, zimeandikwa kwa Kiwelisi: Nid oes bradwr yn y tŷ hwn. Hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Fikiria mtaa mzima una karatasi hiyo, kisha nyumba ya jirani yako haina. Au alikuwa nayo, ukaamka asubuhi ukakuta ameibandua. Ndugu waliacha kusemeshana, na waliorudi kazini wengi wakajengewa nyumba Tregarth, ng'ambo ya mto. Mgomo ulikufa Novemba 1903 bila wagomaji kupata walichodai.

Kasri la Penrhyn liko karibu na chuo chenu, siku hizi liko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya kihistoria. Zipo familia za Bethesda ambazo mpaka leo hazikanyagi pale. Wewe ingia ukipenda, ila anzia Bethesda. Na ukikaribishwa chai na mzee wa huko, muulize habari za machimbo upendavyo. Nani alirudi kazini 1901, hilo usiliguse mpaka alianze mwenyewe.

Shangazi yako