Kina kirefu tutaenda, barafu iko wapi?

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limeshatuchosha wavuvi wadogo wa huku Tanga. Kila kiongozi akija pwani, kila semina, wimbo ni ule ule: acheni kung'ang'ania miambani, nendeni kina kirefu mkavue jodari. Sawa bwana, kwani nani hataki jodari?

Tena kwetu kina kirefu hakiko mbali hivyo, ukishapita miamba na visiwa unaingia mkondo wa Pemba, maji yanashuka mamia ya mita. Kipindi cha kaskazi unatweka tanga mnafika bila taabu. Kusi ndio usiseme, ngalawa inalala, mrengu mmoja umezama mwingine uko hewani, mwenzako kazi yake kutwa kufua maji na kidumu kilichokatwa. Lakini hata kaskazi shida sio kufika, shida ni kurudi na samaki akiwa bado samaki.

Jodari sio kama changu, yule samaki wa miambani. Umempata asubuhi, upepo ukakataa, mnaingia pwani alasiri, muda wote huo yuko chini ya gunia mnalimwagia maji ya chumvi. Akikaa kwenye joto nyama inatengeneza histamini, ndio ile watu wanasema samaki anawasha, ukila uso unakuwa mwekundu kichwa kinagonga, na hata umchemshe vipi haitoki. Mchuuzi analijua hilo, wala hakuulizi ulivua wapi, anafunua shavu tu akikuta matamvua yamegeuka kahawia anakutajia bei ya chambo. Utambishia nini, na pengine hela ya kwendea baharini alikukopesha yeye?

Halafu kuna hili la jarife, ule wavu mkubwa wa kutegea papa. Mtu akiambiwa kina kirefu na mshipi wa ndoana hauamini, anatega jarife la papa kule kwenye maporomoko ya chini ya bahari, na huko ndiko anakokaa silikanti, samaki yule ambaye wataalamu walidhani alishatoweka duniani mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alianza kunaswa sana kuanzia 2004, kwenye majarife hayo hayo, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Na wala hana faida kwa mvuvi, mafuta matupu, nani atamnunua. Sasa sisi tunaokaa ndani ya hifadhi tushike lipi, la semina au la hifadhi?

Mimi nasema jodari wa mshipi ni uvuvi mzuri kabisa, ila mashine ya barafu itangulie semina. Saa hizi barafu tunaifuata mjini kwa bodaboda, nusu inafika maji. Na sanduku lenyewe ngalawa haina pa kuliweka, mtumbwi mwembamba ule mkikaa watu wawili na nyuzi umejaa, kwa hiyo boti inahitajika. Za mkopo tunazisikia, ukienda kuuliza unaambiwa lete dhamana, lete hati ya nyumba. Nyumba ya makuti ina hati gani jamani?

Ombi langu kwako mhariri, bajeti ya uvuvi ikisomwa Dodoma mwaka huu waandishi wako watutafutie hela ya barafu ya wavuvi wadogo iko fungu gani na ni kiasi gani, muichape hapa tuione.

Mvuvi wa mshipi,
Kigombe, Tanga