Wauzaji wa miche watuelekeze jinsi ya kutunza petunia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wauzaji wa miche walio kando ya barabara hapa Nairobi wasimkabidhi mteja kikapu cha petunia bila kumweleza jinsi ya kukitunza. Inasikitisha kuona mmea uliofika nyumbani ukiwa umesheheni maua ukitupwa jalalani baada ya wiki chache kwa madai kwamba umezeeka, ilhali ungali na uhai tele.

Petunia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini na ni ya jamii moja na nyanya, tumbaku na mnavu, huacha kuchanua hasa kwa sababu tumeiacha izae mbegu. Ua likinyauka, chini yake hubaki kifuko kidogo cha kijani kilichochongoka, na mbegu zikianza kukomaa humo mmea hupunguza matumba mapya. Wengi huchomoa petali zilizosinyaa, zikawanata vidoleni, wakadhani wamemaliza kazi, kumbe kifuko kimebaki palepale. Inapasa kukata kikonyo pamoja na kifuko chake, tena kila baada ya siku chache.

Jambo la pili ni chakula. Kikapu kinachoning'inia kina udongo mchache na hupigwa na jua na upepo pande zote, kwa hiyo wakati wa kiangazi huhitaji maji karibu kila siku, na maji hayo yanapochuruzika huondoka na mbolea. Ni vyema kutia mbolea ya maji yenye potasiamu ya kutosha kila wiki moja au mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwani nitrojeni ikizidi utapata majani mengi na maua haba. Udongo ukikauka kabisa hunywea na kuachana na kingo za kikapu, maji yakapita pembeni bila kuifikia mizizi. Hapo kishushe kikapu, ukitumbukize sehemu ya chini katika beseni la maji, ukiache hadi udongo wa juu ulowe.

Jua nalo lisipungue saa 6 kwa siku. Katika baridi na mawingu ya Julai maua hupungua, na hiyo si sababu ya kuutupa mmea.

Mashina yakirefuka na kubaki matupu katikati, yapogolewe hadi nusu, machache kila wiki, ili kikapu kisibaki kitupu wakati machipukizi yanaota. Wateja wengi huogopa hatua hii kuliko zote, nami naielewa hofu yao. Ndiyo maana ningependa kila kibanda kining'inize kikapu kimoja kilichopogolewa kando ya vile vyenye maua, na muuzaji amwonyeshe mteja mahali mkasi ulipopita na machipukizi yaliyoota hapo.

Msomaji wako,
Nairobi